Mgao wa Mto Mmoja

Tarehe 11 Novemba 1965, Ian Smith alipojitangazia uhuru wa Rhodesia chini ya Wazungu wachache, umeme uliokuwa ukiendesha migodi ya shaba ya Zambia ulikuwa ukifuliwa ndani ya mwamba ulio upande wa Smith wa mto Zambezi. Ukuta wa bwawa la Kariba, wenye urefu wa mita 617 kutoka ukingo hadi ukingo, umezishika nchi zote mbili. Jumba la mitambo, hata hivyo, lilikuwa moja tu wakati ule, nalo lilichimbwa ukingo wa kusini. Zambia ilikuwa na mwaka mmoja na siku 18 za uhuru, na swichi ya uchumi wake ilikuwa chumbani mwa adui. Rais Kaunda aliwaomba Waingereza walete askari wa kulilinda bwawa. Walileta ndege za kivita. Askari wa Kariba hawakuja.

Kabla ya mwaka kwisha, mafuta yalikatika. Petroli ya Zambia ilikuwa ikipitia Rhodesia, na Smith alipowekewa vikwazo vya mafuta naye akamfungia jirani. Hapo ndipo malori yalipoanza kupishana Tunduma usiku na mchana, mapipa mgongoni, vumbi kiangazi na utelezi masika, mpaka bomba la TAZAMA lilipokamilika mwaka 1968 kutoka Dar es Salaam hadi Ndola, zaidi ya kilomita 1,700. Umeme haukukatwa. Januari 1973 Smith aliufunga mpaka. Wapiganaji wa ukombozi walivuka Zambezi usiku, makomando wa Rhodesia wakaishambulia ardhi ya Zambia, na katika miaka yote hiyo, hadi Zimbabwe ilipozaliwa mwaka 1980, umeme wa Kariba uliendelea kuvuka mto kwenda kwa Kaunda.

Kwa nini mafuta yakatwe, umeme uachwe? Nadhani kila anayezungumzia ushirikiano wa nishati kati ya nchi jirani angepaswa kuanza hapa, kabla ya hotuba za udugu. Mafuta yalikuwa mzigo wa mpita njia, na mwenye njia hufunga geti anapotaka. Kariba ilikuwa mali ya shirika. Ilijengwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia wa mwaka 1956, dola milioni 80, mkopo mkubwa kuliko wowote ambao benki hiyo ilikuwa imewahi kutoa kwa mradi mmoja hadi siku ile. Shirikisho la Rhodesia na Nyasaland lilipovunjika, bwawa lilikabidhiwa kwa shirika moja la umeme lililomilikiwa na serikali zote mbili, deni lake moja, hesabu zake moja. Migodi ya shaba ndiyo iliyokuwa mteja mkubwa. Smith angekata waya angebaki na ukuta, maji na deni. Kaunda naye hakukaa kutegemea busara ya adui: alijenga mitambo ya Kafue Gorge ndani ya ardhi yake, kisha akachimba jumba la pili la Kariba, ukingo wa kaskazini. Hakuna aliyempenda mwenzake. Kilichowashika ni daftari.

Kiswahili chetu cha mjini kimelipa neno mgao kazi mbili. Kuna mgao wa mirathi, mgao wa nyama ya sherehe, mgao wa faida kwa wenye hisa, yaani fungu la kila mtu. Na kuna ule mgao mwingine. Mwambie mtu wa Dar es Salaam kwamba kuna mgao, hatakuuliza kinagawanywa nini. Atakwenda kuchaji simu. Neno moja limebeba haki ya mtu na giza lake, na ukiyatazama mabwawa yaliyojengwa na majirani duniani utaona maana hizo mbili zimefungwa pamoja kwelikweli. Siku ya maji mengi kila mtu ni ndugu. Mwaka wa ukame ndio unaoonyesha kama fungu la kila mmoja liliandikwa au liliachwa kwenye maneno matamu ya siku ya kukata utepe.

Mwaka wa namna hiyo uliifikia Kariba mwishoni mwa 2022. Tangu 1987 maji ya ziwa lile yako chini ya Mamlaka ya Mto Zambezi, chombo cha serikali mbili chenye kazi inayoonekana ndogo: kupima kina, kukadiria mvua, na kuiandikia kila nchi kiasi cha maji inachoruhusiwa kupitisha kwenye mitambo yake mwaka huo. Mwezi Novemba maji yanayoweza kutumika yalikuwa yamebaki chini ya asilimia 5 ya ujazo wake, na Zimbabwe ilikuwa imeshamaliza fungu lake. Mamlaka ikaandika barua: simamisheni mitambo ya kusini hadi mwaka mpya, maji yapimwe tena. Mazungumzo yalifuata, nafasi ndogo ya kuendelea kufua ikapatikana, na miji ya Zimbabwe ikakaa gizani kwa saa nyingi kila siku. Zambia nayo haikupona. Mwaka 2024 ukame mkali zaidi uliwafanya Wazambia wapange maisha yao kuzunguka saa chache za umeme.

Ilikuwa barua tu. Nchi mbili zinagombea tone la mwisho la ziwa moja, kila moja ina wagonjwa hospitalini, viwanda na wapiga kura wenye hasira, na neno la mwisho linatolewa na karatasi yenye vipimo vya maji. Huo ni ustaarabu mkubwa, na haukuanza siku ile. Ulianza siku mahasimu wawili walipokubali kuwa na kipimo kimoja cha kina cha maji.

Lakini daftari la Kariba halikuwa na ukurasa wa Watonga. Watu wapatao 57,000 walihamishwa bonde la Gwembe, wengine wakatupwa kwenye nchi kavu mbali na mto uliowalisha kwa mafuriko yake ya kila mwaka. Mwaka 1958 polisi waliwapiga risasi watu wa Chifu Chipepo waliokataa kuondoka, 8 walikufa. Nyaya za umeme zikapita juu ya vichwa vya waliohamishwa, na kwa miongo mingi vijiji vyao vilibaki na vibatari. Serikali mbili ziligawana nusu kwa nusu kwa haki kamili, na aliyetoa ardhi hakuwa miongoni mwa waliogawiwa.

Nusu kwa nusu ndiyo mila waliyoichagua pia Brazil na Paraguay, na hawa walikwenda nayo hadi ncha. Bwawa lao la Itaipu, kwenye mto Paraná, lina mashine 20 za megawati 700 kila moja, jumla megawati 14,000. Ni zaidi ya mara 6 ya bwawa letu la Mwalimu Nyerere lenye megawati 2,115. Mkataba ulisainiwa Aprili 1973. Mabwana hawa walianza na ugomvi wa mpaka kwenye maporomoko ya Guairá, na ziwa lilipojaa mwaka 1982 liliyameza maporomoko pamoja na eneo lililogombaniwa. Ilikuwa suluhu ya gharama kubwa, maana maporomoko yale yalikuwa miongoni mwa makubwa kabisa duniani kwa wingi wa maji.

Kuna jambo moja Itaipu ambalo napenda tulitazame kwa karibu. Umeme wa majumbani hupiga kama moyo. Paraguay, kama sisi, hutumia mapigo 50 kwa sekunde. Brazil hutumia 60. Feni yenye mota ya kawaida iliyotengenezwa kwa ajili ya 50 ukiichomeka kwenye 60 huzunguka haraka kuliko ilivyokusudiwa, na saa ya ukutani ya aina ile ya zamani inayohesabu mapigo hayo hukimbia dakika 12 kila saa. Basi gridi mbili za namna hiyo haziunganiki kwa kufunga waya tu. Brazil ilitamani Paraguay ibadilishe iwe 60. Paraguay, nchi ndogo na maskini ukiilinganisha na jirani yake, ilikataa. Kwa hiyo ndani ya jumba moja mashine 10 zinapiga 50 na 10 zinapiga 60. Paraguay haikuweza kuumaliza umeme wa nusu yake, na ziada ikanunuliwa na Brazil, ikageuzwa kuwa mkondo mnyoofu, ikasafirishwa mamia ya kilomita hadi upande wa São Paulo, ikageuzwa tena. Huko kukataa kuliwagharimu mitambo mikubwa ya kugeuzia umeme. Naamini kuliinunulia Paraguay kitu ambacho mkataba haukukitaja: kila siku inaonekana wazi, hata kwa sikio, nusu ya nani ni ipi.

Ila mkataba uliokuwa sawa kwenye mashine haukuwa sawa kwenye bei. Uliandika kwamba ziada ya mmoja atauziwa mwenzake, si mtu wa tatu. Mnunuzi akiwa mmoja, bei huipanga yeye. Paraguay ililalamika kwa miaka zaidi ya 30, hadi mwaka 2009 marais Lugo na Lula walipokubaliana malipo ya ziada hiyo yaongezwe mara tatu. Mwaka 2019 ilibainika kwamba hati mpya kuhusu umeme wa Itaipu ilikuwa imesainiwa kimyakimya pamoja na Brazil. Wananchi wakaingia barabarani Asunción, Rais Mario Abdo Benítez akanusurika kung'olewa, hati ikafutwa. Deni la ujenzi lilimalizwa kulipwa mwaka 2023, mwaka uleule ambao vipengele vya fedha vilifikia muda wa kupitiwa upya. Wahenga wetu walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Itaipu ilikuwa na daftari. Shida ni kwamba kwa muda mrefu lilisomwa na wachache.

Mto Senegal una mila ya tatu, na hiyo ndiyo inayonivuta zaidi. Mwaka 1972 Mali, Mauritania na Senegal ziliunda shirika la kuuendeleza mto huo, linalojulikana kwa herufi za Kifaransa OMVS. Guinea, kwenye vyanzo vya mto, ilijiunga mwaka 2006. Mwaka 1978 waliandika jambo ambalo Kariba na Itaipu hawakulifikia: kwamba mabwawa yatakayojengwa ni mali ya pamoja isiyogawanyika, popote yatakapokaa. Bwawa la Manantali liko ndani kabisa ya Mali, mbali na mpaka wowote wa mto, na bado ni la Mauritania na la Senegal kama lilivyo la Mali. Kisichogawanywa ni mali yenyewe. Kinachogawanywa ni matunda, tena bila nusu kwa nusu wala theluthi kwa theluthi. Umeme wa megawati 200 umepangiwa asilimia 52 kwa Mali, 33 kwa Senegal, 15 kwa Mauritania. Gharama nazo ziligawanywa kwa kupima faida ya kila nchi katika umeme, umwagiliaji na usafiri wa majini.

Mwanasheria atakuambia hayo ni mawazo ya sheria ya Kifaransa. Sawa. Mimi nikiyasoma nasikia mashamba ya ukoo, ambayo watoto huvuna bila kuuza. Na nasikia utani. Watu wa bonde lile, Wasoninke, Wamandinka, Wafula na wengine, wana desturi inayofanana mno na utani wetu. Wamandinka huiita sanankuya. Koo zinazotaniana zinaweza kutukanana msibani, kuchukuliana kuku, na kukataza ugomvi baina ya wengine, kwa sababu agano la kale limeshatangulia hasira. Sidai kwamba walioandika mkataba ule walikuwa wakifikiria sanankuya. Nasema tu kwamba sisi wa upande huu tunaifahamu hali ya kuwa na agano linalokaa juu ya hasira, maana Mngoni na watani wake waliipata kwa njia ya vita.

Hasira ilikuja. Aprili 1989 mapigano ya wakulima na wafugaji mtoni yaligeuka mauaji katika miji ya Senegal na Mauritania. Maelfu kwa maelfu walifukuzwa, Mauritania ikawasukuma ng'ambo raia wake weusi wengi, na nchi mbili zikavunja uhusiano wa kibalozi hadi 1992. Manantali ilikuwa imekamilika mwaka uliotangulia, bila mitambo ya umeme bado. Shirika halikufa. Ujenzi wa umeme ulichelewa miaka mingi, lakini mwishoni mwa 2001 umeme uliingia Bamako, na mwaka uliofuata ukafika Dakar. Hapa pia daftari lina ukurasa wa majonzi. Bwawa la pili, Diama, lililojengwa karibu na bahari kuzuia maji ya chumvi, lilituliza maji, konokono wakastawi, na mji wa Richard-Toll ukapatwa na mlipuko wa kichocho uliotangazwa duniani kote. Wakulima waliozoea kulima ardhi inayoachwa na mafuriko walipoteza mafuriko yao. Shirika limejaribu kuachia mafuriko ya kupangwa, na kila lita inayoachiwa mkulima ni lita isiyopita kwenye mashine kwa wakati inapotakiwa. Huo ni mgao kati ya raia na raia, na bado haujapata mkataba wake.

Watu wa kaskazini mwa Ulaya nitawapitia haraka, si kwa dharau, bali kwa sababu mila yao inahitaji utajiri ambao sisi hatuna bado. Sweden na Denmark waliunganishwa kwa waya chini ya bahari tangu 1915, na tangu 1996 Norway na Sweden, kisha Finland na Denmark, wana soko moja ambamo umeme huuzwa na kununuliwa. Upepo wa Denmark ukivuma, Norway hufunga maji yake. Upepo ukitulia, maji huachiwa. Ni kazi nzuri. Hata hivyo bei zilipopanda kuanzia 2021, Wanorway wa kusini walianza kuuliza kwa nini mvua iliyonyesha kwao iwe ghali kwao, na Januari 2025 serikali yao ya mseto ilivunjika kwa sababu ya sheria za nishati za Ulaya. Soko halina mwaka wa ukame ulioandikwa. Lina bei tu, na bei humwambia kila mtu habari zake peke yake.

Turudi kwetu. Afrika Mashariki tumekuwa wauzaji na wanunuzi kabla hatujawa wabia. Mkataba wa mwaka 1955, wakati wa ukoloni, uliipa Kenya megawati 30 kutoka Owen Falls, Jinja, Uganda, kwa miaka 50. Umeme huo ulivuka utawala wa Idi Amin, hata mwaka 1976 alipodai sehemu ya magharibi ya Kenya. Ethiopia sasa inaiuzia Kenya umeme kwa njia ya kilomita zaidi ya 1,000. Machi 2025 Rais Samia aliposema Tanzania itanunua umeme wa Ethiopia kupitia Kenya kwa ajili ya mikoa ya kaskazini, kwa sababu mwingi hupotea njiani ukisafirishwa kutoka kusini, watu wengi waliona uchungu: tumejenga bwawa la Nyerere kule Rufiji, tunanunua kwa nani tena? Uchungu ule naueleza kwa heshima, maana ni wa watu waliochangia kodi. Lakini waya mrefu hula umeme kweli, na kununua kwa aliye karibu si aibu. Ninachosisitiza ni kwamba kununua kuitwe kununua. Mnunuzi aulize bei, muda, na nini kitatokea Ethiopia ikipata ukame. Neno udugu lisitumike kufunika maswali hayo, kwa sababu udugu wa Kariba haukuwepo kabisa na umeme ukapita, na udugu wa Itaipu ulijaa kwenye hotuba na Paraguay ikapunjwa.

Penye ubia wa kweli kwetu ni Rusumo, kwenye daraja la mto Kagera kati ya Rwanda na Tanzania. Aprili 1994 daraja lile lilipitisha Wanyarwanda wapatao 250,000 katika muda wa saa 24 hivi, wakikimbilia Ngara, na mto ulio chini yake ulikuwa ukibeba maiti za mauaji ya kimbari hadi Ziwa Viktoria, ambako wavuvi wa Uganda na wa mkoa wa Kagera walizitoa majini na kuzizika. Asiyelikumbuka hilo hatauelewa uzito wa mitambo mitatu iliyofungwa pale leo. Kampuni yake inamilikiwa sawasawa na Burundi, Rwanda na Tanzania. Megawati 80 zinagawanywa mafungu matatu, na njia tatu za umeme zinatoka pale: moja kuelekea Gitega, moja Kigali, moja Nyakanazi. Megawati 26 na ushei ni kitu kidogo kwa Tanzania ya leo. Kwa Burundi ni kikubwa mno. Haki ya theluthi kwa theluthi haikuuliza nani ana njaa zaidi, na hapo ningependa wangejifunza kwa Manantali. Lakini walijifunza jambo jingine ambalo Kariba hawakulijua: mpango wa mwanzo wa bwawa refu lenye ziwa pana uliachwa, wakajenga mtambo unaotumia maji kadiri mto unavyoyaleta, ili mashamba na nyumba chache zaidi ziguswe.

Mtambo wa namna hiyo hauna akiba ya kuvusha kiangazi. Maji yakipungua, mafungu matatu hupungua pamoja, siku ileile, kwa kipimo kilekile, na hakuna kati ya nchi tatu inayoweza kunywa fungu la mwenzake mapema kama ilivyotokea Kariba.

Maji yakitoka Rusumo hayajamaliza kazi. Kagera hushuka, hupinda mashariki, hupita Kyaka, kwenye daraja lililobomolewa na majeshi ya Amin mwaka 1978, kisha huingia ziwani, nao ndio mto mkubwa kuliko yote inayolijaza Ziwa Viktoria. Ziwa hutokea Jinja. Pale maji yaleyale, yakiwa yamechanganyika na mvua za Mara, Nzoia na ziwa lenyewe, huingia kwenye mashine za Uganda, na sehemu ya umeme huo imekuwa ikirudi kusini kwa miaka mingi kupitia Masaka, ikivuka mpaka ambao vita ilivuka, hadi Kyaka na Bukoba. Ukipita Kyaka jioni utaona taa za maduka zikiwaka barabarani, na chini ya daraja jipya mto wenyewe, wa rangi ya udongo, ukienda ulikokuwa ukienda.